Tafuta Daktari Wako Kabla ya Maumivu

Nyamanoro, Mwanza

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako ameniambia umepata chumba Sinza na kazi umeianza vizuri. Tumefurahi sana hapa nyumbani. Ila nilipomuuliza sikoseli yako inaangaliwa na nani huko Dar es Salaam, alinyamaza. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu utaniitikia "sawa mjomba" na mambo yataishia hapo.

Tangu ukiwa mchanga ulikuwa na kadi yako hospitali ya Bugando. Tarehe za kliniki alizikumbuka mama yako, folik asidi alikupa yeye, na homa ikikupanda usiku ni yeye aliyekubeba. Sasa umevuka umri wa kliniki ya watoto, na hakuna aliyekukabidhi kwa daktari mwingine. Hapo katikati ndipo vijana wengi wanapopotea. Huko Dallas, Marekani, waliwafuatilia watu wenye sikoseli tangu kuzaliwa. Taarifa yao ya 2010 ilieleza kwamba vifo vya karibuni katika kundi lile vyote vilikuwa vya waliotimiza miaka 18 na kuendelea, na wengi walikufa muda mfupi baada ya kuhamia kwa madaktari wa watu wazima. Hao ni watu waliovuka utoto salama, tena katika nchi tajiri.

Kwetu tatizo lina mzizi wake. Zamani wengi wenye sikoseli hawakufikisha miaka 5, kwa hiyo watu wakauzoea kama ugonjwa wa watoto. Leo nchini Tanzania huzaliwa takribani watoto 11,000 wenye sikoseli kila mwaka, na wanaopata matunzo wanakua, wanasoma, wanaoa na kuolewa. Kisha mtu mzima anafika zahanati akiwa amejikunja kwa maumivu, anakutana na mhudumu asiyemjua, kisha anaambiwa amezoea sindano za maumivu. Maneno hayo yaliwahi kukukuta, nakumbuka, na yaliniuma kuliko nilivyokuonyesha. Usikubali yakufanye ukae nyumbani na maumivu.

Nenda hospitali ya Muhimbili. Pale mwaka 2004 Profesa Julie Makani na wenzake walianza kuwafuatilia wagonjwa wa sikoseli kwa utaratibu, na wapo madaktari bingwa wa magonjwa ya damu. Anzia hospitali iliyo karibu nawe, uombe barua ya rufaa. Nenda ukiwa mzima, siku ambayo huumwi popote, ili daktari akujue ulivyo katika hali yako ya kawaida. Wingi wa damu yako siku zote huwa kwenye 7. Asiyekujua akiiona hiyo 7 atakimbilia kukuongezea damu, na damu ya kuongezewa mara kwa mara hujaza madini ya chuma mwilini, tena mwili unaweza kuanza kuikataa. Anayekujua atauliza kwanza imeshuka kiasi gani.

Umri wako una mitego ambayo kliniki ya watoto haikuwa na haja ya kukueleza sana. Figo huharibika kimyakimya, kwa hiyo mkojo upimwe protini kila mwaka. Macho nayo yaangaliwe nyuma kabisa, hata kama unaona vizuri. Ukianza kuchechemea, usiseme umechoka. Mfupa wa nyonga unaweza kuwa unakosa damu. Moyo na mapafu pia viangaliwe. Na jambo hili nakwambia kama mwanamume kwa mwanamume: uume ukisimama wenyewe kwa maumivu, usingoje kupambazuke. Hali hiyo ikipita muda wa saa 4 ni dharura, na aibu isikuzuie. Vilevile homa ya nyuzi 38 na kuendelea, au kifua kubana na pumzi kukatika, ni safari ya hospitali saa hiyohiyo.

Dawa ya haidroksiurea uiulizie. Inaufanya mwili utengeneze tena ile himoglobini ya mtoto aliye tumboni, ambayo huzuia chembe za damu kujikunja, na wengi hupungukiwa na vipindi vya maumivu. Lakini usiinunue tu dukani na kuimeza: inahitaji kupimwa damu mara kwa mara, na siku ukitaka mtoto lazima uzungumze na daktari mapema. Huyo mchumba wako naye apime, ajue kama amebeba vinasaba vya sikoseli, kabla hamjapanga harusi.

Gharama najua zinakusumbua. Kazini ulizia bima mapema, maana kadi ya wazazi haitakufuata siku zote. Kama hawana, nijulishe. Mimi na baba yako mdogo tumeshazungumza.

Mama yako anapakia nakala za vipimo vyako na kadi ya zamani kwenye basi la Jumatatu, uzipokee Mbezi. Piga picha kila karatasi uiweke kwenye simu. Ukishapewa tarehe ya kliniki, mtumie mama yako, na mimi unitumie.

Mjomba wako