Alfajiri ya Mwalimu

Kwa miaka mingi, mwalimu huyo wa milima ya Taita aliwafundisha watoto kusoma saa. Aliwaeleza kuwa hesabu ya Mswahili ya saa za mchana haingojei usiku wa manane, bali huanza jua linapochomoza, ndiposa saa ya kwanza ya mchana ikaitwa saa moja. Hakujua kuwa moyo wake nao ulikuwa na hesabu yake ya alfajiri.

Siku moja baada ya kustaafu, saa kumi na mbili na robo asubuhi, aliamshwa na uzito kifuani, mithili ya gunia la mahindi. Jasho la baridi likamtoka; mkono wa kushoto ukafa ganzi. Mkewe akataka kubisha kwa jirani mwenye gari.

“Mama Zawadi, ni kiungulia tu,” akamkataza. “Tusiwaamshe watu. Tungoje kupambazuke.”

Wakangoja. Kulipopambazuka akataka chai kwanza. Walifika hospitalini saa tatu na nusu.

Wataalamu wameeleza kwa nini saa hizo ni za hatari. Mwilini mna saa, na kugundua jinsi inavyoendeshwa ndani ya seli kuliwapatia Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young Tuzo ya Nobel mwaka 2017. Asubuhi homoni za kumwamsha mtu hupanda, shinikizo la damu huongezeka, na damu huganda kwa wepesi zaidi. Mwaka 1985, watafiti wa Marekani walionyesha kuwa mshtuko wa moyo hutokea zaidi kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa sita mchana. Mwaka 2011, watafiti wa Madrid waliochunguza wagonjwa 811 walibaini kuwa walioshikwa katika saa hizo walipoteza sehemu kubwa zaidi ya misuli ya moyo.

Hata hivyo, alfajiri haikubeba lawama yote. Mshipa unapoziba, misuli hufa kadiri dakika zinavyopita. Chelewa chelewa, walinena wahenga, utamkuta mwana si wako. Picha ya moyo wa Mwalimu ilionyesha kuwa kila pigo lilisukuma asilimia 35 tu ya damu iliyojaa chumba cha kushoto, ilhali moyo wenye afya husukuma zaidi ya asilimia 50. Palipokufa misuli pakawa na kovu, na kovu halidundi. Kilima alichokuwa akikipanda bila kutua, sasa hukipanda kwa vituo vitatu.

Alipopata nafuu, jirani alikuja kumjulia hali. Mwalimu akamsimulia jinsi alivyochelea kumwamsha.

“Mwalimu,” jirani akasema polepole, “saa hiyo nilikuwa macho. Nilikuwa nje, napakia kabichi za soko.”

Mwalimu akainamisha kichwa, asijibu. Siku hizi, awafundishapo wajukuu kusoma saa, huwaonyesha pia njia ya kwenda kwa jirani.