Nilicheka Nao

Nyote mliokuwa ukumbini Ijumaa ile ya muhula wa pili mnaikumbuka mada ya mdahalo: misaada ya wafadhili imewadhuru maskini kuliko ilivyowafaa. Mimi nilikuwa msemaji wa pili wa upande wa kuunga mkono. Nilisimama kidete nikasema kwamba mkono unaozoea kupokea husahau jembe. Makofi yalipigwa hadi Mwalimu akagonga meza. Naam, siku ile nilijiona bingwa.

Kisha mwenzangu wa upande ule ule akasimama. Akasema, "Huko Mathare kuna watoto kazi yao ni kupigwa picha wakiwa na makamasi, ili Mzungu aibandike kwenye friji!" Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Nami nikacheka nao. Pengine nilicheka kuliko wote, maana nilikuwa na jambo la kuficha. Mmoja wa watoto hao ni mimi.

Nikiulizwa ninatoka wapi, hujibu, "Eastlands." Jibu hilo si uongo, ila Eastlands ni pana. Kuna Buruburu, kuna Umoja, Jericho, Kayole, Dandora. Anayeniuliza huchagua mwenyewe, na wengi huchagua Buruburu. Mimi sikuwahi kumsahihisha mtu. Ukweli ni kwamba matatu hunishusha Juja Road, kisha nashuka bondeni kwa miguu. Bonde hilo lilikuwa machimbo ya mawe zamani. Wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya hamsini, serikali ya kikoloni ilizibomoa nyumba za huko, na watu wakarudi wakajenga tena. Chumba chetu ni cha mabati, na tunalala watu watano.

Shule niliyosoma mimi ya msingi ni mojawapo ya zile zilizoanzishwa na Bwana Wallace Kamau na mkewe Bi. Mary Kamau. Jina la shirika lao ni Missions of Hope International. Walianza mwaka wa 2000, kabla sijazaliwa, wakiwa na watoto 50 tu wa Mathare. Leo watoto hao ni maelfu, shule ziko kadhaa, na kule Joska nje ya jiji kuna za bweni. Wafadhili wengi wako Marekani, kupitia shirika la kimisheni liitwalo CMF. Mfadhili hulipia mtoto mmoja kila mwezi, na mtoto humwandikia barua. Na picha? Ndiyo, picha zipo. Ila tulikuwa tunapangusa makamasi kwanza!

Hapa nitoke nje ya njia kidogo. Sisi wa Eastlands tumezoea kuona mabango ya mume na mke wamevaa suti za rangi moja, yeye Askofu, mkewe Mchungaji, na vipaza sauti vinatukesha Ijumaa kucha. Sisemi wote ni wabaya. Lakini nyumbani kwetu bango la namna hiyo likitundikwa, mama husema, "Haya, sadaka imefika." Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba mume na mke wanaongoza huduma, mimi huuliza kwanza: Jumatatu wanafanya nini?

Bwana Kamau ni mhasibu kwa taaluma. Nadhani hilo ni jambo kubwa. Huruma bila hesabu huisha katikati ya mwezi, na hesabu bila huruma haishuki bondeni hata siku moja. Katika kazi yao kuna makanisa, ndiyo, na sala za asubuhi hatukuzikosa. Lakini pia kuna zahanati, mafunzo ya kazi za mikono, na mikopo midogo kwa wazazi. Hiyo mikopo ndiyo iliyonitoa ulimi wikendi iliyofuata ule mdahalo.

Nilifika nyumbani Jumamosi nikiwa bado nimevimba kichwa. Nikamsimulia mama hotuba yangu yote, hata ile ya jembe. Yeye alikuwa anakatakata sukuma wiki za wateja. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza, baba?"

"Nimemaliza, mama. Walipiga makofi sana."

"Mimi kabla ya hizi mboga nilikuwa nauza nini?"

Nikanyamaza. Jibu nalijua. Mama alikuwa mpishi wa chang'aa kule chini mtoni. Pombe hiyo ilipigwa marufuku mwaka wa 1980, na hata sheria ya 2010 ilipoiruhusu, iliiruhusu kwa masharti ambayo hakuna mama wa bondeni angeyaweza. Kwa hiyo usiku ulikuwa wa kukimbizana na askari, na walevi walikuwa wanalala miguuni petu. Mwanafunzi anaweza kufundishwa vizuri mchana kutwa, lakini akirudi jioni anashikishwa mtungi. Nafikiri ndiyo sababu wale wawili hawakuishia kwenye madawati ya watoto, wakamtafuta na mzazi.

"Nilipewa elfu tano," mama akasema. "Nilipewa? Nilikopeshwa! Kila Jumatano tulikuwa tunarudisha. Mmoja wetu alitoroka na zake akaenda ushago, sisi tuliobaki tukalipa. Nililia, lakini nililipa. Sasa wewe msomi, niambie, huo ni msaada gani unaorudishwa?"

"Mama, ilikuwa ni mdahalo tu."

"Sawa. Na ile ya makamasi, nayo ulisema wewe?"

"Hapana. Ilisemwa na mwingine."

"Wewe ulifanya nini?"

Ndugu wasomaji, ningeweza kumdanganya. Nikamwambia kwamba nilicheka. Mama hakunigombeza. Alirudi kukata mboga zake, na kisu kilikuwa kinagonga ubao polepole. Afadhali angenichapa.

Usiku ule sikupata usingizi. Nisije nikaonekana sasa nimegeuka kinyonga, niseme wazi kwamba bado naamini nusu ya hotuba yangu. Kuna misaada inayodumaza. Nimewaona watu wakipokea vyandarua wakavitumia kufugia kuku. Na ile barua ya mfadhili ilikuwa inanisumbua tangu darasa la tatu. Utamwandikia nini mtu usiyemjua, ambaye anajua jina lako, umri wako, na kwamba baba hayupo? Nilikuwa naandika, "Hali ya hewa ni nzuri, namshukuru Mungu." Mafuriko ya Aprili 2024 yalipokichukua kibanda cha mama, na majirani wengine wakapoteza watu, hata hapo nilianza na hali ya hewa. Sikutaka anihurumie. Waliotufikia kwanza siku ile walikuwa wale wale akina mama wa Jumatano. Walikuja na sufuria, blanketi, na shilingi mia mia zilizolowa.

Lakini katika hotuba yangu hao akina mama hawakuwamo. Wala Wakenya wawili walioanza na watoto 50 hawakuwamo. Niliwaweka Wazungu upande mmoja na ombaomba upande wa pili, nikapigiwa makofi.

Mhariri aliponiomba makala nilitaka kumpa hadithi ya sungura. Nimempa hii. Nilimsomea mama Jumapili iliyopita, naye akanisahihisha mahali pawili: siku ya kulipa, na kwamba mboga zake si za sukuma tu, kuna managu na terere pia. Akasema jarida likitoka anataka nakala mbili, moja ya kikundi. Nikamuuliza kama haoni aibu watu wasome habari za chang'aa. Akasema, "Nililipa deni lote. Aibu ya nini?"

Muhula ujao mada ile inarudiwa, na Mwalimu amekubali nihamie upande wa wapinzani. Yule mwenzangu wa makamasi ameshanikubalia kuja nyumbani Jumamosi moja. Nimemwelekeza vizuri: ashukie Juja Road, avuke barabara, aanze kushuka, na akifika penye maji ya bomba aulizie Mama wa managu.