Tulijibu, "Tumesikia"



Wazee walituachia neno: mshika mbili, moja humponyoka. Sisi wa nyumba hii ya Mwembesongo tulilijua tangu utoto, lakini hatukulishika mpaka lilipotuuma wenyewe.

Mama yetu aliteremka kwetu kutoka Matombo, katika milima ya Uluguru, naye alikuwa mgonjwa. Jioni moja, tulipokuwa barazani, alitusimulia habari za mwanamke aliyempa mbegu mwaka wa njaa, wala hakuwahi kumrudishia. Akalitaja jina lake na kijiji chake, akasema, "Wanangu, deni hili nawaachia ninyi." Nasi tulikuwapo kwa miili tu. Mmoja wetu alikuwa akihesabu fedha za ada ya watoto. Mwingine ameinamia simu, akiuliza bei ya maharage ya kesho. Tukajibu, "Ndiyo, mama, tumesikia." Siku ya nne Mungu akamwita.

Tulisikia deni, hatukusikia jina. Baada ya maziko tuliuliza kwa wazee wa kwao, wala hapana aliyejua. Ile kesho tuliyoihangaikia ilifika yenyewe: maharage yaliuzwa, ada ikalipwa. Lakini jioni ile haikurudi.

Huko Paris, katika nchi ya Ufaransa, alikuwako Bruda mmoja wa shirika la Wakarmeli, Laurent wa Ufufuo, aliyefariki mwaka 1691. Hakuwa padre wala mwanachuoni. Alikuwa mpishi wa monasteri. Hakungoja kazi iishe ndipo amkumbuke Mungu, bali alizoea kukaa mbele zake katika kazi ile ile iliyo mkononi, hata kwake saa ya jikoni haikutengana na saa ya sala. Nasi twaona kwamba Bwana wetu, alipotukataza kuisumbukia kesho, hakutukataza kupanda wala kuweka akiba. Alitukataza kuiuza leo kwa ajili ya kesho.

Basi sasa, kengele ya Malaika wa Bwana ipigwapo, asubuhi, adhuhuri na jioni, twaweka chini jembe, mwiko na simu. Twatulia kidogo, twavuta pumzi taratibu, kisha twasali. Na mtu wa nyumbani anenapo, hata akiwa mtoto mdogo, twamtazama usoni mpaka amalize. Fikira zetu zingali zikitoroka kama mbuzi waliokata kamba. Twazirudisha polepole, wala hatukati tamaa.

Na kila tarehe 2 Novemba, siku ya kuwakumbuka marehemu wote, twampa mbegu jirani aliye na haja, tukimwombea mwanamke yule ambaye Mungu alijua jina lake.

Nanyi, ndugu, jioni ya leo mzee wenu akianza kusema, msimjibu "tumesikia" kabla hamjasikia.