Sifa na Shukrani

Hapana safari iliyonifunza maana ya ibada kama ile niliyoifanya Saadani kumzuru baba mdogo. Saadani ni kijiji cha kale katika pwani ya kaskazini ya Bagamoyo. Katika karne ya 19 kilikuwa bandari ya misafara. Bwana Heri alikitawala, naye alipigana na Wajerumani tangu 1888 hata 1890. Kutoka hapo, mwaka 1877, mmisionari Alexander Mackay alifyeka njia ya magari ya ng'ombe mpaka Mpwapwa. Leo kijiji kimepakana na hifadhi ya taifa, na wakazi wake wengi ni Waislamu. Wakristo ni wachache.

Baba mdogo alifika huko kutoka bara kutafuta kazi katika mashamba ya chumvi. Mwaka uliotangulia safari yangu, mwanawe wa pekee alikwenda kuvua asirudi, wala maiti yake haikuonekana. Mimi nilikwenda kumpa pole, nimechelewa kwa kadiri ya kuniaibisha.

Jumapili tulikwenda kusali katika nyumba ya udongo yenye paa la bati. Nilikuwa nimezoea kanisa la mjini, lenye kinanda na vioo vya rangi, nikajiuliza enzi ya Mungu itakaa wapi hapa. Wimbo wa sifa ulipoanzishwa, baba mdogo alisimama akaimba kwa sauti nzima. Hasira ilinipanda. Nilifumba kinywa changu mpaka mwisho.

Jioni tuliketi ufukoni, maji yakijaa. Nikamwuliza, "Baba, waimbaje uzuri wake Yeye ambaye bahari yake imekunyang'anya mtoto?"

Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, itazame bahari hii. Ni kubwa, tena ni nzuri, hata leo. Nikisema si nzuri kwa kuwa imeniumiza, nitakuwa mwongo. Shukrani kwa jambo hili bado sina. Nikijaliwa kuzipata nitazitoa. Lakini sifa si malipo ya deni."

Sikuwa na neno la kujibu. Usiku nililifikiri neno hilo sifa. Asili yake ni Kiarabu, nalo katika lugha yetu lina maana mbili: hali aliyo nayo mtu au kitu, na maneno ya kumtukuza. Basi kumsifu Mungu ni kumtaja alivyo. Shukrani hutazama mkono wake na kilichomo. Sifa humtazama uso. Anayemwabudu kwa ajili ya vipawa tu, siku mkono ukiwa mtupu atakosa la kusema. Nikaona kuwa ndivyo nilivyokuwa mimi.

Tena nilikumbuka kuwa ng'ambo ya mkondo ule ni Unguja, walikovushwa mateka wengi kutoka pwani hii. Jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Mkunazini liliwekwa mwaka 1873, mwaka uleule soko la watumwa lilipofungwa, katika kiwanja cha soko hilo. Kwa mapokeo, altare yake imesimama mahali walipochapwa watumwa. Uzuri uliwekwa palepale penye kidonda, wala haukungoja kipone. Nilikuwa nimelistaajabia kanisa hilo mara nyingi kwa ukubwa wake. Sasa nilitambua kuwa nyumba ya udongo ya Saadani ilifanya kazi ileile. Enzi ya Mungu haikupungua kwa bati, wala uzuri wake kwa machozi.

Nilikaa hata Jumapili ya pili. Wimbo ulipoanzishwa nilisimama kando ya baba mdogo, nikajaribu kuimba. Sauti yangu ilikatika katikati ya ubeti. Yeye hakunitazama, aliongeza sauti yake, akaniimbia sehemu yangu mpaka niliporudi.