Jina la Korongo la Oldupai

Sisi tufundishao watoto upande wa Karatu huulizwa neno moja kila tufikapo katika somo la mambo ya kale: "Mwalimu, tuandike Olduvai au Oldupai?" Kitabu chasema hivi, na mtoto wa Kimasai asema vile. Tumfuate nani?

Neno lenyewe ni la Kimasai. Oldupai ni mkonge wa mwituni, wenye majani marefu yaliyochongoka, umeao kwa wingi katika korongo lile lililo kati ya Ngorongoro na mbuga za Serengeti. Nyuzi zake husokotwa kamba. Mwaka 1911 alifika huko mganga wa Kijerumani, Bwana Kattwinkel, akaokota mifupa iliyogeuka mawe, akaipeleka Berlin. Mwaka 1913 akaja Bwana Hans Reck. Wajerumani waliandika Oldoway, nao husoma w kama sisi tusomavyo v. Kisha katika vitabu vya Kiingereza likaenea jina Olduvai. Basi ile p ya Wamasai ikapotea njiani. Mwaka 1959, Bibi Mary Leakey alipoliona fuvu la kale sana korongoni, jina lilienea ulimwenguni likiwa na kosa lake. Hata zana za kale za mawe zilizookotwa Ethiopia wataalamu huziita Oldowan.

Wala si jina hilo peke yake. Oldeani, mlima wetu, hutokana na neno la Kimasai la mianzi. Nao Wairaqw, wenyeji wa Karatu, jina lao lina q, herufi isiyomo katika abjadi ya Kiswahili. Watu wengi huwaita Wambulu tu.

Basi sisi twafanyaje? Mtoto aandikapo Oldupai hatumtilii alama ya kosa, maana mtoto akosolewaye kwa neno la mama yake hujifunza kunyamaza. Lakini twamwonyesha na Olduvai pia, apate kulitambua katika vitabu na ramani.

Nanyi wasomaji, waulizeni wazee majina ya vilima na vijito vyenu, na maana zake, mkayaandike kama wayatamkavyo. Mgeni aliandika alivyosikia. Mwenyeji aliyejua kusoma, akinyamaza, atamlaumu nani?