Mikusanyiko ya gemu za zamani: ukishalipa, ni yako?

Huku Uingereza, swali la kama mkusanyiko wa gemu za zamani unafaa kununuliwa hujibiwa kwa hesabu ya dukani: gemu ngapi, kwa pauni ngapi, na ungelipa kiasi gani kama ungezinunua moja moja. Kwa hesabu hiyo karibu kila mkusanyiko unafaa. Mimi naona hesabu hiyo inapima kitu kisichohusika. Aliyekulia Likoni, Kisauni au Changamwe, huko Mombasa, amezoea kuuliza jambo jingine kabla hajatoa pesa: nikishalipa, kitu hiki ni changu? Naweza kumwazima jirani, kukibadilisha na kingine, kukiuza nikikwama? Hilo swali la nyumbani ndilo sahihi, hata kwa anayenunua London, na mikusanyiko mingi inayouzwa leo haina jibu lake.

Mkusanyiko si jambo geni Mombasa. Gemu ziliingia mitaani kwetu kupitia mashine za bei nafuu kutoka China zilizoiga Famicom, mashine ambayo Nintendo iliitoa Japani mwaka 1983. Kaseti zake zilibandikwa picha za kuvutia na ahadi ya gemu 9999 ndani ya kaseti moja. Ukiwasha, orodha inatokea, ndefu ajabu. Ukiifuata unagundua kwamba baada ya majina machache ya mwanzo, Contra, Super Mario, Tetris, ile ya kuwinda bata, yanayofuata ni gemu zilezile kwa majina mapya: moja inakuanzishia hatua ya tatu, nyingine inakuongezea maisha. Mnunuzi alidanganywa, na waliozitunga gemu hizo hawakupata hata senti. Lakini kaseti yenyewe ilikuwa mali. Ilitoka nyumba moja ikaingia nyingine, ikabadilishwa na kaseti ya mtaa wa pili, ikapulizwa vumbi na kuchomekwa tena, na hakuna ofisi ya mbali iliyokuwa na uwezo wa kuizima.

Sasa tazama mkusanyiko halali wa Contra hiyohiyo. Konami ilitoa Contra Anniversary Collection mwezi Juni 2019, gemu kumi kwa dola 20. Ichambue orodha. Contra ya nyumbani imo mara mbili, toleo la Marekani na la Japani. Super Probotector ni Contra III yenyewe kwa jina la Ulaya, ambako askari waligeuzwa kuwa roboti. Probotector nayo ni Contra: Hard Corps iliyofanyiwa hivyohivyo. Ukiondoa marudio zinabaki saba. Sisemi Konami ni sawa na mwiga kaseti: tofauti za matoleo zina maana kwa anayetaka kuijua historia ya gemu, ndani kuna kitabu kinachoeleza zilivyotengenezwa, na unaweza kusevu mahali popote, jambo ambalo kaseti zile hazikukupa. Ninachosema ni kwamba idadi iliyoandikwa juu ya jalada haijawahi kuwa kipimo, kuanzia Kongowea hadi London.

Kipimo cha umiliki nakichukua kutokana na matendo ya kampuni zenyewe. Nintendo iliutoa mkusanyiko wa Super Mario 3D All-Stars tarehe 18 Septemba 2020, ikatangaza mapema kwamba utauzwa hadi 31 Machi 2021 tu, kisha ukaondolewa kweli. Mwezi Mei 2022, kabla ya kutoa Sonic Origins, Sega iliziondoa kwenye maduka ya mtandaoni gemu kadhaa za zamani za Sonic zilizokuwa zikiuzwa moja moja. Desemba 2024 kampuni hiyohiyo ikauondoa mkusanyiko wake wa Mega Drive wenye gemu zaidi ya 50. Mfano unaotugusa zaidi ni wa Grand Theft Auto, kwa sababu San Andreas na Vice City ni gemu ambazo rika zima la vijana wa Mombasa lilizijua kupitia PS2 zilizochipiwa ili zisome diski za kunakili. Rockstar, kampuni inayozitoa, ilizikusanya hizo mbili na nyingine moja ya mfululizo huo Novemba 2021 kwa dola 60, na kabla ya siku hiyo ikayaondoa matoleo ya awali sokoni. Mkusanyiko ukaja na hitilafu tele, na nyimbo kadhaa za redio za ndani ya gemu hazikuwemo tena. Kampuni iliomba radhi mwezi huohuo na kuwarudishia wenye kompyuta haki ya kupata matoleo ya zamani. Wakati huo mwenye diski yake ya PS2 alikuwa na San Andreas kamili, nyimbo zote zikiwemo. Sheria ya jimbo la California iliyoanza kutumika Januari 2025 inawataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali wamweleze mteja wazi kwamba anacholipia ni leseni, na kwamba si chake moja kwa moja. Kutungwa kwa sheria hiyo kunaonyesha jinsi neno «nunua» lilivyokuwa limetumiwa vibaya.

Ndiyo maana namshauri aliye ughaibuni na mwenye watu wake nyumbani anunue mkusanyiko ulio kwenye diski au kaseti, tena baada ya kuhakikisha kilichomo. Diski ya PS4 au kaseti ya Switch iliyonunuliwa Birmingham itacheza mtaani Magongo bila tatizo. Namba ya siri ya kupakulia ina mkasa wake. Sony haijaifungulia Kenya duka rasmi la PlayStation, wala Nintendo haijafungua lake, kwa hiyo mchezaji wa Bamburi hujisajili kama mtu wa Afrika Kusini, Falme za Kiarabu au Marekani ili apate huduma, na namba iliyotolewa kwa nchi moja mara nyingi haikubaliki kwenye akaunti ya nchi nyingine. Kuna hata boksi zilizokatwa nusu: Mega Man Legacy Collection 1+2 ya Switch, ya mwaka 2018, ilikuwa na sehemu ya kwanza tu ndani ya kaseti, sehemu ya pili ikawa karatasi yenye namba. Ukimpelekea mpwa wako wa mtaa wa Shika Adabu boksi hilo, huenda umempelekea nusu ya zawadi.

Najua nitaambiwa kwamba haya yote hayana haja, kwa kuwa simu ya shilingi elfu chache inacheza gemu zote za zamani bure. Ni kweli, na wanaofanya hivyo siwaiti wezi. Mwezi Julai 2023, Video Game History Foundation ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena sokoni kwa njia halali. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kutonunua kisichouzwa, hasa katika nchi ambayo duka lenyewe halikufunguliwa. Lakini hoja hiyo haifuti deni. Pale gemu inapouzwa kwa namna ya haki, aliyeitunga anastahili malipo yake kama fundi mwingine yeyote, na kuna mikusanyiko ambayo kunakili faili hakuwezi kuchukua nafasi yake. Atari 50 ya Digital Eclipse, iliyotoka Novemba 2022, ina gemu zaidi ya 90, nyingi za kawaida tu kwa mchezaji wa leo. Thamani yake iko katikati ya gemu hizo: mahojiano ya video na wahandisi, michoro, karatasi za kiwandani, vyote vikiwa vimepangwa kwa miaka, unasoma na kucheza papo hapo. Kwa kijana wa Mombasa anayetaka kutengeneza gemu, hicho ni chuo, na kipo kwenye diski.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mikusanyiko hii ni kumbukumbu za utoto wa watu wengine, na hapo sina ubishi. Gemu za zamani za Kisauni na Likoni kwa kiasi kikubwa ni za mpira: PES na FIFA, padi mbili, benchi, anayefungwa anaamka. Konami iliendelea kuitolea PS2 matoleo ya PES hadi la 2014, zaidi ya miaka kumi tangu mashine hiyo itoke. Mkusanyiko wa gemu hizo hakuna. Majina ya wachezaji, jezi na ligi hukodishwa kwa miaka maalumu, na mikataba ikiisha gemu haiwezi kuuzwa tena. Kampuni ya EA ilipoachana na jina la FIFA mwaka 2023, matoleo ya nyuma yaliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni. Kwa hiyo mwenye diski ya PES iliyokwaruzika, iliyohifadhiwa kwenye mfuko wa nailoni katika kibanda cha Mlaleo, ana kitu ambacho pesa za huku haziwezi kukipata kipya popote, nami ningemwomba asikitupe wala asikitoe kwa bei ya chuma chakavu.