Hisa Inaposifiwa na Kila Mtu



Khabari za hisa, yaani sehemu za mali ya kampuni zinazouzwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam tangu mwaka 1998, zimefika hata kwetu Lyulilo, ukingoni mwa Ziwa Nyasa. Kijana mmoja tuliyemsomesha ametuuliza: kampuni fulani yasifiwa na kila mtu, je, auze shamba la mpunga aliloachiwa na babake apate kununua hisa zake?

Twamwomba kwanza atazame yaliyotokea Nairobi mwaka 2008. Serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom, kila moja kwa shilingi 5. Walioomba walizidi laki 8, na wengi walikopa benki kwa riba, wallahu-l-mustaan. Biashara ilipofunguliwa mwezi wa Juni bei ilipita shilingi 7, watu wakashangilia. Mwanzoni mwa mwaka 2009 hisa ile ile haikufika hata shilingi 3, wala hapakuwa na wa kuitaka. Mwaka 2021 ikapita shilingi 40.

Kampuni ilikuwa ile ile. Sababu ni kwamba bei hupandishwa na mnunuzi mpya, na aisifuye hisa aghalabu amekwisha kuinunua. Wote wakisha nunua, atatoka wapi wa kuisukuma juu? Na wote wakisha uza kwa khofu, nani amebaki wa kuishusha?

Wamarekani wamelifanya jambo hili kuwa kipimo. Tangu mwaka 1987 chama kimoja cha wenye hisa wadogo huwauliza wanachama wake kila wiki kama bei zitapanda au zitashuka katika miezi 6 ijayo. Tarehe 5 Machi 2009, watu 70 katika kila 100 walijibu kuwa zitashuka. Siku 4 baadaye bei za New York zilifika chini kabisa, kisha zikaanza kupanda.

Lakini kipimo hiki hakitaji siku. Mwaka 2022 wengi walikwisha kata tamaa mwezi wa Aprili, na bei zikazidi kushuka hata Oktoba. Mwenye kungoja kwa fedha yake aliweza kungoja. Mwenye deni la riba, licha ya dhambi yake, alikuwa na tarehe ya kulipa. Tena ziko kampuni zinazokimbiwa kwa haki, kwa kuwa zinakufa.

Sisi wa Kyela tunayo kakao ya kutufunza. Mavuno yalipoharibika Ivory Coast na Ghana, tani moja ilipita dola 12,000 mwezi wa Desemba 2024, na kila mtu akataka miche. Kabla ya mwaka 2025 kwisha ilikuwa chini ya dola 6,000.

Basi shamba asiliuze. Akiwa na ziada baada ya chakula na ada za watoto, na biashara ya kampuni ile ni ya halali, anunue kidogo, na makelele yakinyamaza aiulize bei tena.